Hakuna Mwenye Tano

Jumatatu, 24 Novemba

Treni imenitupa Tabora asubuhi pamoja na mvua ya kwanza. Mama kanipokea mlangoni hapa Chemchem, kanitazama toka juu hadi chini, kasema, "Umekonda. Na huo udaktari wako?" Nikamjibu bado. Akasema "Haya," ile haya yake ya kumaliza mazungumzo, akaenda kupasha chai.

Naandika kwa sababu nikiyasema haya kwa mdomo nitamtukana mtu.

Tasnifu yangu imerudi kutoka kwa mtahini wa nje. Sura zote kazipitisha isipokuwa ya tano. Hapo kaandika: "Muundo wa wastani na muundo wa karibu haipatani. Mwandishi aeleze sababu, la sivyo aiondoe sura hii." Nina hadi mwisho wa Machi. Profesa Anselm, msimamizi wangu, kaniita ofisini, hata kiti hakunipa. "Manal, iondoe. Utapita, utaendelea na maisha yako." Niiondoe, kasema, kama vile ni jiwe kwenye mchele. Sura hiyo ndiyo tasnifu yenyewe. Zilizobaki ni maelezo ya jinsi ya kuosha vyombo vya maabara.

Ufadhili umekwisha, chumba cha Dar nimekirudisha kwa mwenyewe. Nitapambana na sura hiyo nikiwa hapahapa, kwenye meza ya marehemu Baba.

Jumatano, 26 Novemba

Leo Mama kaniuliza, kwa mara ya kwanza tangu nianze masomo haya, hasa nasoma nini. Alikuwa anapepeta mchele.

"Ni unga, Mama. Mweusi. Una strontiamu, chuma, manganizi na oksijeni. Tunauoka kwenye tanuru."

"Wa kuliwa?"

"Hapana. Wa kuja kutengenezea umeme kwa gesi, siku moja."

"Haya."

Nikajikaza, nikamweleza. Kwenye fuwele za ukoo huu, zinaitwa perovskaiti, kila atomu ya chuma au manganizi inazungukwa na oksijeni sita. Unga wangu una upungufu: katika kila nafasi sita za oksijeni, moja ni tupu. Sasa mashine yetu ya eksirei inapima atomu zote kwa mpigo na kutoa picha ya jumla, nayo inasema kila chuma kina majirani watano. Ni mchemraba safi, pande zote sawa, unapendeza hata kuutazama. Lakini kuna kipimo cha pili, tulichofanyiwa Ulaya kwa nyutroni, ambacho kinatafuta umbali wa kila atomu na jirani yake wa karibu kabisa. Hicho kinasema wengine wana sita na wengine wana wanne. Wastani ni tano, na hakuna mwenye tano.

Mama akaacha kupepeta. "Kwa hiyo mashine moja imesema uongo."

"Hakuna iliyosema uongo."

"Basi kwa nini wanakukatalia?"

Nikaenda kuchaji simu kabla umeme haujakatika.

Ijumaa, 28 Novemba

Redio imetangaza mvua za msimu huu zitakuwa za wastani. Mama kauliza redio, "Wastani wa wapi?" Ana mashamba mawili: la mpunga hapa mbugani, na la mahindi na karanga kule Urambo, analolima kwa ubia na Josepha, rafiki yake wa tangu ujana. Kila mwaka anaigombeza redio, na kila mwaka anaisikiliza.

2 Desemba

Umeme hakuna.

3 Desemba

Umeme hakuna. Mvua imenyesha mfululizo, mbuga imeanza kushika maji.

Jumanne, 9 Desemba

Leo nimefanikiwa na sina wa kumwambia.

Kwa siku kadhaa nimekuwa nikiulazimisha mchemraba ulingane na data ya karibu. Haukubali. Ni kama shuka fupi, ukifunika miguu, mabega yanabaki nje. Na hesabu yake inanikera: inasema kila nafasi ina oksijeni tano juu ya sita. Nani aliwahi kukutana na tano juu ya sita ya oksijeni? Oksijeni ama ipo, ama haipo.

Basi leo nikauacha mchemraba. Nikapanga wenye sita tabaka moja, wenye wanne tabaka linalofuata, zikipishana. Mstari wa hesabu yangu ukakaa juu ya data mpaka nikasogeza kiti nyuma nikatazama ukuta. Vifungo vifupi vya chuma na oksijeni vipo, virefu vipo, vile vya katikati ambavyo mchemraba unavililia havipo. Halafu ukienda mbali kidogo mpangilio unapotea. Yaani kila mtaa una utaratibu wake, ila mitaa haikubaliani matabaka yaelekee wapi, kwa hiyo ukijumlisha mji mzima unapata mchemraba. Ndiyo maana vipimo viwili havipatani, na vyote ni vya kweli.

Kuna vilima vidogo vichache kwenye data ya Ulaya ambavyo mpangilio wangu hauvielezi. Vidogo mno. Nimeviweka fungu la kelele za mashine.

Nimemtumia Profesa kila kitu, bando lote limekwenda hapo.

15 Desemba

Hajajibu.

16 Desemba

Hajajibu. Josepha kapiga simu kutoka Urambo: tangu wapande, mvua imepita kwa jirani, kwao hata tone. Hapa kwetu kuku wanatembelea ubao.

Jumatatu, 22 Desemba

Profesa kajibu. Mstari mmoja: "Nimeona. Una hakika na sampuli?"

Nimeusoma nikiwa nimesimama. Nina hakika na sampuli? Unga nimeusaga kwa mikono yangu, nimeuoka, nimeutoa tanuruni ukiwa mwekundu kwa moto ili upoe haraka, nimeupima kwa eksirei mwenyewe. Yeye mara ya mwisho kushika kijiko cha maabara sijui ilikuwa lini.

Jambo pekee ambalo sikulifanya ni kuifungasha. Baba alifariki Juni, nikauacha unga kabatini, nikapanda basi la kwanza. Revocatus, fundi wetu wa maabara, ndiye aliyejaza chupa, akaandika lebo kwa ule mwandiko wake mzuri, akaisafirisha Ulaya kwa wakati. Bila yeye ningeikosa ile nafasi ya nyutroni. Alinipigia simu msibani kunipa pole na hakutaja kazi hata kidogo. Ni mtu wa Nzega, mpole, ana adabu kuliko idara nzima. Profesa angeweza kujifunza kitu kwake.

Jumatatu, 5 Januari

Mbuga imefurika. Mpunga wa Mama wa upande wa chini umelala majini. Jioni Josepha kapiga: mahindi yamejikunja majani kwa jua. Redio inasema mvua zinaendelea kuwa za wastani. Mama kainyamazisha kwa kidole kimoja, akakaa nayo mapajani.

"Ukichanganya maji ya hapa na jua la kule," kasema, "kweli inakuwa wastani. Ila mimi nitakula nini?"

Jumatatu, 12 Januari

Nimempigia Profesa. Nilianza na shikamoo, nikamalizia nisikojua.

"Vile vilima vidogo unavieleza vipi?" kaniuliza.

"Ni kelele, Profesa."

"Kelele hazirudii mahali palepale kila kipimo."

"Basi vitakuwa nini? Uchafu?"

"Mimi sijui, Manal. Mtafiti ni wewe."

Nikamwambia kama anaogopa mtahini aseme tu, asinitafutie visingizio kwenye unga. Kisha akasema ana mkutano. Mwoga huyu. Kakaa kwenye kiti cha wastani maisha yake yote na anataka nami nikae hapo.

20 Januari

Hakuna jipya. Nimefua.

29 Januari

Hakuna. Mvua.

Jumapili, 8 Februari

Nitaandika polepole, nina hasira.

Revocatus yuko likizo, anakwenda Nzega kumwona mama yake. Badala ya kwenda moja kwa moja, kapanda treni kupitia Tabora ili aje kutoa pole ya Baba ana kwa ana. Kaja na kanga ya Mama na mkate wa kunipa mimi. Nilifurahi kumwona, sioni aibu kusema. Mama kapika pilau, kaka Revo kala akashiba, akasimulia vituko vya idara, hata mimi nikacheka, kitu ambacho sijakifanya tangu Novemba.

Baada ya chakula Mama akataka kumfungia asali ya kupeleka nyumbani. Akamimina kwenye chupa mpaka dumu likaisha, ikabaki pungufu kidogo. Akainua, akaitazama kwenye mwanga, akasonya. Akaenda uani kwenye dumu lingine, la asali ya msimu uliopita, akajazia hadi shingoni.

"Chupa haitoki nyumba hii ikiwa pungufu," kasema. "Mama yako atasema nini?"

Revocatus akapokea kwa mikono miwili. "Ndivyo nilivyolelewa, mama. Kwetu ni duka, mteja hatoki bila nyongeza. Hata ile chupa ya dada Manal ya kwenda Ulaya ilikuwa pungufu, imeishia begani. Nikasema hapana, wazungu wataona tumetuma nusunusu. Nikaijaza."

Nikamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ukaijaza kwa nini, kaka Revo?"

"Kwa unga uleule, dada. Wa kile kibakuli cha pili."

Kibakuli cha pili. Siku ya kuuoka ule unga nilioka vibakuli viwili. Cha kwanza nilishakitoa, kimepoa haraka kama nilivyotaka. Umeme ukakatika, mlango wa tanuru tukauacha umefungwa, cha pili kikapoa humohumo polepole mpaka kesho yake. Ni unga uleule, mchanganyiko uleule, rangi ileile. Lakini ukipoa polepole, oksijeni zinapata muda wa kujipanga, na zinajipanga fuwele nzima, mwanzo hadi mwisho: sita, wanne, sita, wanne. Yaani kile hasa ninachodai kukiona kwenye unga wangu. Eksirei niliifanya kwa unga wa kibakuli cha kwanza pekee. Nyutroni zimepigwa kwenye chupa iliyotiwa nyongeza.

Vipimo viwili havipatani kwa sababu havikupima kitu kimoja. Basi. Sura ya tano ni nyongeza ya Revocatus.

Nikamwambia hivyo, kwa maneno mabaya zaidi. Nikamwambia kaniulia kazi ya miaka kwa ukarimu wa dukani. Hakujitetea. Alikaa ameshika ile asali, akasema tu, "Nilidhani ni uleule, dada." Akaondoka mapema kwenda stendi, na asali kaiacha mezani.

Mama hasemi nami.

Jumatatu, 9 Februari

Mama kasema nami, na afadhali angenyamaza.

"Mtu kafunga mizigo yako wewe ukimzika baba yako. Kakutendea wema, unamfukuza nyumbani kwangu."

"Mama, kaharibu kila kitu."

"Wewe ungepeleka chupa pungufu ugenini?"

"Ndiyo."

Akanitazama kana kwamba nimeokotwa.

Jumanne, 10 Februari

Mtahini hajui. Profesa hajui. Tunajua watatu, na mmoja kati yetu hata jina la unga hawezi kulitamka. Ningeweza kupeleka mpangilio wangu mzuri kama ulivyo, ukapendeza, nikapita.

Nimeliwaza hili asubuhi nzima, na mchana nikashindwa kula.

Alhamisi, 12 Februari

Hasira zilipopoa kidogo, swali moja likabaki. Alitia kiasi gani?

Alisema chupa iliishia begani. Kabatini kwa Mama kuna chupa ya aina ileile, nilimletea mwaka juzi, anahifadhia hiliki. Nikamwaga hiliki kwenye sahani, Mama akalalamika, nikatia unga wa ngano mpaka begani, nikapeleka kwenye mizani ya dukani kwa kaka yangu Yaser. Kisha nikajaza mpaka shingoni, nikapima tena. Wateja walidhani nimepatwa na kitu.

Nyongeza ni kama sehemu moja kwa nane ya chupa nzima. Nilipomwambia Mama, alisema, "Thumni," bila kuinua macho, bado amenuna.

Nikarudi kwenye data. Nikajiuliza, kama thumni ya chupa ile ni unga uliojipanga fuwele nzima, ungeonekana wapi? Nikapiga hesabu. Ungetoa vilima vidogo. Mahali palepale. Kimo kilekile, karibu sana.

Vile vilima havikuwa kelele. Ilikuwa nyongeza inaniita tangu Desemba, nami niliyemlaumu kila mtu kwa kupuuza madogo nikayapuuza kwa sababu hayakunifaa. Profesa aliyaona. Mimi nikamwita mwoga.

Sasa upande wa pili. Data ya karibu inataka wenye sita na wenye wanne wawe karibu wote, si thumni. Nyongeza haiwezi kubeba mzigo huo wote, ni ndogo mno. Nimeitoa kwenye hesabu, nikatazama kilichobaki. Vifungo vifupi na virefu bado vipo. Hakuna mwenye tano.

Kwa hiyo huenda niko sahihi. Huenda. Nina ukweli uliokaa ndani ya chupa chafu, na siwezi kuutoa humo bila kusema chupa ni chafu.

Jumatatu, 16 Februari

Nimempigia Profesa, nimemweleza yote, pamoja na hiliki.

"Julai nilipita maabara," kasema. "Nikaona kibakuli cha pili kimechotwa."

"Kwa nini hukuniuliza, Profesa?"

"Nilikuuliza kama una hakika na sampuli."

Nilitaka kutupa simu. Mzee huyu angeweza kuniambia kwa sentensi mbili mwezi wa saba. Lakini ni kweli, aliuliza, na mimi nikasoma tusi.

"Ukiliandika hili," kasema, "mtahini anaweza kuikataa sura papo hapo, na kikao cha wahitimu cha mwaka huu kitakupita. Ukiiondoa, unapita Machi. Ndicho nilichokuwa nakutakia. Mama yako ni mjane, Manal, unahitaji kazi."

"Ungekuwa wewe?"

"Ningeiondoa." Akakohoa. "Lakini sura si yangu. Andika. Nitasaini."

Jumatano, 18 Februari

Ramadhani imeanza. Nimeandika ukurasa wa nyongeza. Nimeufuta.

21 Februari

Nimeuandika tena. Jina la Revocatus nimelitoa, nimeandika "katika kufungasha".

24 Februari

Nimefuta "katika kufungasha", maana inamwelekea yeyote aliyefungasha. Nimeandika kwamba vibakuli viwili viliachwa bila lebo, na aliyeviacha ni mimi. Ndivyo ilivyokuwa.

Jumatatu, 2 Machi

Nimetuma.

Alhamisi, 5 Machi

Nilikuwa naahirisha simu hii. Kaka Revo kapokea mlio wa kwanza.

Nilikuwa nimepanga maneno, yakanipotea. Nikamwambia nilikosa adabu mbele ya chakula, na anisamehe. Akasema, "Dada, yamekwisha," upesi, kama mtu anayetaka kufunika kitu kisipate baridi. Nikamwambia nina ombi. Auoke unga upya, kibakuli kimoja tu, akitoe kikiwa chekundu. Profesa anamwomba rafiki yake Ulaya saa chache za mashine.

"Chupa itajaa kweli, kibakuli kimoja?" kauliza.

"Haitajaa."

"Sasa itakwendaje?"

"Itakwenda hivyohivyo, kaka Revo. Safari hii usinipendelee."

Nilisikia mlango wa tanuru ukigonga nyuma yake. "Sawa," kasema, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa avue shati sokoni.

14 Machi

Hakuna jibu la mtahini. Mvua kubwa hapa. Urambo, hakuna.

Jumamosi, 21 Machi

Idi imeswaliwa. Mama kampelekea Josepha sahani ya biriani kwa basi la Urambo, imefungwa vitambaa vitatu. Josepha kapiga simu kushukuru na kusema mahindi amewaachia mbuzi. Baadaye Mama kaniambia mpunga wa upande wa juu umesimama vizuri, tutagawana na Josepha, yeye akale na wanawe. Nilimuuliza kama ubia wao ulikuwa wa mpunga pia. Akasema, "Kwani njaa ina shamba lake?"

Ijumaa, 27 Machi

Mtahini kajibu. Nanukuu maana nimeshaikariri: "Maelezo ni ya kuridhisha na ukweli wa mwandishi unathaminiwa. Hata hivyo sura haiwezi kupitishwa kwa sampuli hii. Kipimo kipya kinahitajika."

Unathaminiwa! Siwezi kuupeleka sokoni huo uthamini. Kikao cha mwaka huu kimenipita. Wenzangu watavaa majoho Novemba, mimi nitatazama picha. Kama ningeiondoa ile sura ningekuwa nimemaliza leo, niko huru, natafuta kazi. Nimelia bafuni maji yakimwagika ili Mama asisikie, akasikia.

Kagonga mlango. "Wamekukatalia?"

"Wamesema nirudie, Mama."

"Basi hawajakukatalia." Akasubiri. "Toka, maji yanaisha."

31 Machi

Hakuna. Jua.

Jumanne, 7 Aprili

Revocatus katuma picha ya chupa kabla ya kuisafirisha. Imefika nusu, labda chini ya nusu. Juu ya unga kuna weupe mtupu wa kioo. Usawa wa unga kauzungushia utepe mwekundu, na pembeni kwa ule mwandiko wake kaandika: "Kibakuli kimoja. Hakijaongezwa kitu."

Nimemwonyesha Mama. Kaisogeza simu karibu, kaisogeza mbali.

"Na hiyo ndiyo mnayopeleka ugenini?"

"Ndiyo hiyo."

"Maskini," kasema, na nilijua hakuwa akinisema mimi. "Huyo kijana kalala usingizi kweli?"

Kisha akaenda kuitoa ile asali aliyoiacha Revocatus, ambayo nilikuwa nimeshaanza kuipaka kwenye mkate. Kaifuta chupa kwa kitambaa. Kasema ataitafutia mtu wa kwenda Nzega. Nilimtazama nione kama ataijazia pale nilipokula. Alisimama nayo, akaiangalia, akaufunga mfuniko hivyohivyo ilivyo.

15 Aprili

Hakuna. Mvua zimekatika. Tumeanza kuvuna upande wa juu.

22 Aprili

Redio imetoa tathmini: msimu ulikuwa wa wastani. Mama alikuwa anaanika mpunga. Hakuigombeza. Alikata fungu la Josepha, akashona gunia.

Jumamosi, 25 Aprili

Data imefika asubuhi. Niliacha kuifungua mpaka nimalize kufagia uwanja, nimefagia hata pasipo na uchafu.

Vile vilima vidogo havipo. Kabisa. Picha ya jumla ni mchemraba mtupu, msafi kuliko wa kwanza. Nikasogea karibu, kwenye umbali wa chuma na oksijeni yake. Mchemraba unataka kilele kimoja hapo. Vipo viwili, kifupi na kirefu, na katikati yake bonde. Sita na wanne. Nimehesabu mara ya pili na ya tatu, nikamwita Mama aje atazame, akatazama, akasema, "Ni milima miwili." Nikamwambia ndiyo, Mama, ni milima miwili, na hapo katikati hakuna mtu.

Profesa kaandika: "Sasa nina hakika na sampuli." Nadhani huo ni utani wake. Sura itapita, si mwaka huu, ila itapita, na hasira ya huo mwaka bado ninayo, sitasema uongo.

Nikampigia kaka Revo. Nilimweleza haraka haraka, vilima vimeondoka, vilele vimebaki, sura imesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kulikuwa na swali moja tu lililomkaa.

"Na chupa, dada? Hawakusema kitu ilivyokuwa pungufu?"

"Hawakusema kitu, kaka Revo."

Nikamsikia akishusha pumzi ndefu, kisha akaniuliza mama hajambo.